Wagema Gundi wa Benchini

Sogeeni, wajukuu wangu, sogeeni mkae. Wewe mwenye kikohozi kaa mlangoni, ukohoe kwa adabu. Na huyo mbuzi apelekwe nyuma ya ua, ana mazoea ya kujibu watu. Haya, kimya. Hadithi hii imejaa watu wasiojua kufunga midomo, kwa hiyo ninyi fungeni ya kwenu.

Palikuwa na benchi kwenye kona ya kinu cha ufuta, pale malori ya mji wa Al-Ubayidi yanapogeuzia. Ubao mrefu juu ya madebe mawili ya mafuta, basi. Mbele yake jiko la makaa, dele la kahawa ya tangawizi na kigoda cha kamba, na juu ya kigoda Kaltuma, mama Bakri, mjane wa Hamdani mgema gundi. Benchi lilikuwa na wenyewe watatu. Wa kwanza Tirabu, tuliyemwita Redio, kwa kuwa redio yake ilikuwa sikioni hata msibani. Wa pili Hamadi, tuliyemwita Bandari, kwa sababu ujanani alibeba magunia Port Sudani msimu mmoja na mpaka leo hajamaliza kuusimulia. Wa tatu Mahjubu, tuliyemwita Fakii, mfundisha watoto Kurani kwenye vibao vya mti. Wote watatu waliwahi kugema gundi na marehemu Hamdani, na wote watatu walipenda kulisema hilo wakiwa wameketi.

Siku ile Kaltuma alikuwa na jambo moja moyoni. Kwetu shamba la hashabu, mti wa gundi, ni la yule anayeligema. Ukiliacha misimu mitatu bila kisu kuingia kwenye gome, ardhi inarudi kwa omda, mkubwa wa mji, naye humpa aliyetangulia kuomba. Hamdani alikuwa kaburini. Bakri mwanawe alikuwa kaskazini akichimba dhahabu. Msimu wa tatu ndio huo, majani yameshageuka manjano, na aliyetangulia kuomba alikuwa Sururi mchoma makaa. Omda alikuwa ametamka mbele ya watu: "Nitapita leo baada ya alasiri. Nikikuta hata mti mmoja umechanjwa, shamba la mama Bakri. Nisipokuta, la Sururi." Na Sururi hagemi. Sururi anakata, anafukia, anawasha.

Mti mmoja tu, wajukuu. Lakini kuchanja ilikuwa kazi ya wanaume. Wanawake walikuja baadaye na vikapu, kuokota. Mama zetu walituambia hashabu ikichanjwa na mwanamke hukauka. Ndiyo maana tangu asubuhi Kaltuma alikuwa amewaomba wale watatu, nao wakaapa kwa vichwa na macho yao kwamba wataondoka wakishamaliza kikombe.

— Majani ni manjano kabisa, Kaltuma alisema akimimina. Mkitoka sasa, adhuhuri mmerudi.

— Mimi niko tayari zamani, alisema Bandari bila kuinuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Gundi haiko mvunguni, Bandari, alisema Redio. Iko juu mtini. Kwa hiyo hakuna cha kuinamia. Kaa.

— Haraka haraka haina baraka, Fakii aliongeza, akapuliza kahawa.

— Ninyi haraka mtaijulia wapi? Kaltuma aliuliza.

Walicheka. Na huenda wangeinuka kweli, maana Bandari alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Ndipo Sururi akaja. Mtu mzuri wa sura, kanzu safi kuliko kazi yake. Alisalimia kila mtu kwa jina, akaulizia afya ya kila mmoja, akaulizia na afya ya punda wa Bandari, kisha akaketi mwisho wa benchi.

— Zungusha, mama Bakri. Wote, kwa mfuko wangu.

Kaltuma alisita, dele mkononi. Lakini muuza kahawa hamkatalii mnunuzi, na jua bado lilikuwa chini. Akamimina.

— Hapa nimekaa na wagema wakubwa wa Kordofani yetu hii, Sururi alisema. Kuna kitu kinanisumbua mimi mtu wa makaa. Sisi gundi tunaiita samghi. Baba zetu waliiita samghi. Sasa yule aliyeiita hivyo mara ya kwanza kabisa, hilo jina alilitoa wapi?

Loo! Afadhali angerusha mfupa katikati ya mbwa. Bandari alivua kiatu.

— Umeuliza mahali penyewe. Port Sudani, bwana, kila meli ina jina lake. Mgiriki anasema komi. Mtaliano anasema goma. Mwingereza anasema gam. Mimi nilibeba gunia moja, gunia moja mgongoni, likaitwa majina manne kabla sijalitua.

— Na wewe ulikuwa unaitwaje? Redio aliuliza.

— Mimi nilikuwa naitwa "wewe".

— Hao wote waliiba kwa Wamisri wa kale, Fakii alisema. Farao aliiita kami. Kwa gundi yetu hii walibandika vile vitambaa vya maiti zao. Ndiyo maana mpaka leo zimekaa hazijafumuka.

— Nani kakuambia, Farao? aliuliza Redio.

— Nimesoma.

— Umesoma wapi? Wewe unasoma kitabu kimoja tu, na hicho hakina habari za bandeji.

— Subirini, Sururi aliingilia, sauti ya asali. Tusimkatishe Fakii. Komi, goma, gam, kami. Mbona yanafanana? Mama Bakri, ongeza.

Kaltuma akaongeza. Kivuli cha kinu kilikuwa kimefika kwenye miguu yao.

— Yanafanana kwa sababu ni neno moja, alisema Fakii, akiinua kidole. Na ni letu! Hapa kwetu tukimwambia mtu ainuke tunasemaje? Gum! Sasa nisikilizeni. Kulikuwa na mwanamume wa kwanza kabisa wa Kordofani, amelala chini ya hashabu. Mkewe kasimama kichwani pake: "Gum! We mwanamume, gum!" Mfanyabiashara wa Farao anapita na punda wake. Anaona kitu kinang'aa kwenye mti, anasikia mwanamke anapiga kelele, "Gum! Gum!" Akafikiri ndilo jina la kitu. Akaenda nalo Misri, likaharibikia njiani.

Benchi zima lilipiga makofi. Hata Kaltuma alitabasamu, maana alimjua yule mwanamke.

— Basi ndio nasema na mimi, alisema. Gum! Inukeni.

— Mama Bakri, alijibu Fakii kwa upole, sisi tunajadili neno. Hatujafika kwenye tendo.

Gari la Al-Ubayidi likapita, vumbi likatua kwenye vikombe, wakavifunika kwa viganja. Kaltuma alitazama upande wa vilima vya mchanga. Nyuma ya vilima hivyo kulikuwa na miti ambayo Hamdani aliipanda mbegu kwa mbegu mwaka alioposa, ili asije akaonekana anaoa kwa mikono mitupu. Alikumbuka sauti yake, nzito, ya mtu asiyependa kurudia: "Mti huu haukupi kitu, Kaltuma. Unajifunga kidonda. Sisi tunaiba bandeji." Akacheka peke yake, na macho yakamchoma, akasingizia moshi.

— Tatizo lenu, alianza Redio, akipunguza redio yake, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, tatizo lenu mnauliza jina lilikotoka. Ulizeni samghi inafanya nini hasa duniani. Kwa Fakii ni wino.

— Masizi na gundi na maji, Fakii alikubali. Bila gundi, aya inateleza kwenye kibao.

— Kwa mama mkwe wa Bandari ni dawa ya figo.

— Anakunywa kila asubuhi, na mdomo wake bado haujagandana, alisema Bandari kwa huzuni.

— Kwa posta ni stempu.

— Hiyo nimeiona kwa macho yangu! Bandari alidakia. Nahodha analamba stempu ya barua ya mkewe. Nikajisemea, huyu Mzungu analamba Kordofani na wala hajui.

— Imo kwenye peremende, imo kwenye soda, imo kwenye rangi. Sasa tulieni. Redio aliinama, nao wakainama, hata Sururi akainama. Ilitangazwa juzi kwamba nchi kavu zinaachana. Bara hili linakwenda huku, bara lile linakwenda kule. Polepole, kama kucha inavyoota. Wataalamu wanashangaa. Mimi sikushangaa. Kwa nini zinaachana?

— Kwa nini?

— Kwa sababu gundi tunaiuza nje!

Bandari alishika kichwa. Fakii alisema Subhanallah, kisha akasema si lazima iwe hivyo, kisha akasema lakini inawezekana.

— Hapo sasa, Redio aliendelea. Zamani hatukuuza, dunia ilikuwa kipande kimoja. Haba na haba hujaza kibaba: gunia hapa, gunia pale, bahari ikaingia katikati. Kwa hiyo mtu akikaa bila kugema, kama sisi, anaweza kuwa anaisaidia dunia.

— Umesikia, mama Bakri? Kuna watu wamekaa hapa kwa faida ya wote, alisema Sururi. Zungusha tena. Lakini ndugu zangu, bado hatujaligusa shina. Yenyewe ni nini? Jasho la mti, au chozi, au damu?

— Jasho, alisema Bandari. Inatoka wakati wa joto. Baridi ikipiga, haitoki. Kitu kinachotoka kwa joto na kukatika kwa baridi ni jasho. Mimi nilikuwa mgema bora wa Hamdani, alinisifu mbele za watu.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, Redio alimkumbusha. Ndiyo maana ulichanja kabla majani hayajageuka, tukaokota vipande kama punje za mtama.

— Mwaka ule kulikuwa na nzige!

— Nzige walikuja mwaka uliofuata, kukupa pole.

— Ni chozi, alisema Fakii. Ina umbo la chozi. Inang'aa kama chozi.

— Chozi lina chumvi. Wewe umelamba gundi ukaona chumvi?

— Nimelamba lako?

Waliendelea hivyo. Muadhini aliita adhuhuri, wakaenda, wakasali, wakarudi, na Kaltuma aliona kwamba walirudi haraka kuliko walivyowahi kwenda popote. Sururi alikuwa ameshalipia mzunguko mwingine kabla hawajaketi. Sarafu zilikuwa zinaingia kwenye kopo la Kaltuma, na kila ilipolia moja, alilitazama kopo kama limekosea kuhesabu. Mama yake marehemu alikuwa na msemo: mwanamke akipata faida asiyoielewa, ahesabu vidole vyake.

Ndipo Tahani akaja na mfuko wa sukari.

Tahani alikuwa mke wa Bakri, binti wa Omdurmani, aliyeletwa kwetu mwezi ule ule, kisha mumewe akarudi kwenye mashimo ya dhahabu akamwachia mama mkwe. Mjini kwao samghi ni ile ya kwenye kichupa, ya kubandikia bahasha. Alikuwa bado ana hina ya harusi miguuni, na kila kitu cha kwetu alikitazama kama anayesoma kibao cha duka. Alichuchumaa karibu na kigoda, akasikiliza wazee. Alisikiliza Farao, na jasho, na chozi, na bahari iliyoingia katikati. Macho yalimtoka.

— Karibu, bibi harusi, alisema Bandari. Leo umeangukia elimu.

— Ahsante, baba. Sikujua hata nusu yake. Aligeuza shingo upande huu na upande huu. Niwaulize, wazee wangu? Mimi mgeni.

— Uliza! Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujibiwa, alisema Redio.

— Hiyo miti yenyewe iko wapi?

Redio alizima redio.

— Iko kule, alisema Bandari, akanyoosha mkono magharibi. Unapita kisima kikuu...

— Kisima kikuu kilifukiwa na mchanga, alisema Fakii, akanyoosha mkono kusini. Iko kule. Unaifuata njia ya ng'ombe.

— Njia ya ng'ombe ilihamishwa walipolima ufuta. Redio alinyoosha mkono wa tatu. Si ni kule nyuma ya makaburi?

— Makaburi mapya au ya zamani?

— Kuna makaburi mapya?

Mikono ilibaki hewani, mitatu, kila mmoja na upande wake, kama miiba ya hashabu inavyokaa kwenye tawi. Tahani aliitazama mikono, mmoja mmoja, akingoja, kwa heshima. Kinu cha ufuta kilikuwa kinalia, na ngamia wake anazunguka.

Kaltuma aliona aibu, lakini haikuwa yake, ilikuwa yao, na hiyo ndiyo nzito kubeba. Hawa walikula mkate wa shamba lile. Hawa walimbeba Hamdani jeneza likapita kando ya miti ile ile.

Sururi alicheka mpaka akajifuta machozi.

— Hili nalo ni swali tamu kuliko langu! Mama Bakri, zungusha tena, tulitafutie jibu taratibu.

Kaltuma alinyoosha mkono achukue kikombe cha Sururi akijaze. Kilikuwa kimejaa. Baridi kabisa, na juu imeota ngozi na vumbi la lori. Kilikuwa kile kile cha kwanza cha asubuhi. Mtu amenunua kahawa ya benchi zima tangu jua kuchomoza, na yeye mwenyewe hajaonja.

Alimtazama Sururi. Sururi alitazama jua.

Na hapo Kaltuma akaielewa ile faida. Waliowekwa kitako ni hawa wazee, lakini kamba aliyowafungia Sururi ni ya Kaltuma. Yeye ndiye aliyekuwa akiimimina, kikombe kwa kikombe, na tangawizi juu.

Aliinua dele kwa mikono miwili, akaligeuza juu ya jiko. Pshhh! Majivu yaliruka, wazee wakaruka, na kanzu safi ya Sururi ikapata madoadoa.

— Kahawa imekwisha, alisema.

— Mama Bakri! alilia Bandari. Hiyo haijaisha, umeimwaga!

— Kwani ikishamwagwa huwa imebaki? Alijifunga vizuri toub yake, nguo yake ya kujitanda. Tahani, umeuliza miti iko wapi. Twende nikuonyeshe.

Walipita nyumbani, Kaltuma akaitoa sonki ya marehemu kwenye paa, kile kisu cha wagema chenye mpini mrefu kama wa mkuki, akaipangusa buibui. Kisha wakashika njia, ambayo haikupita kisima wala makaburi. Mchanga ulikuwa wa moto. Tahani alikuwa na maswali.

— Mama, na nani atachanja?

— Sijui, mwanangu. Mwanamke akichanja, mti hukauka.

— Ni upi?

— Upi nini?

— Ule uliokauka. Nionyeshe nao tukifika.

Kaltuma alihamishia sonki mkono wa pili. Mama yake alikuwa amemwambia. Mama yake aliambiwa na mama yake. Sauti zote zile alikuwa nazo, moja moja, angeweza kuziigiza. Alizipitia mpaka mwisho akitafuta hata moja iliyosema "nimeuona".

— Mkazamwana, alisema hatimaye, wewe utanichosha.

Shamba lilikuwa limesimama pale pale, majani ya manjano, miti mifupi yenye matawi kama watu walioinua mikono kukataa. Kaltuma aliweka kiganja kwenye gome la kwanza. Alishika sonki, akainua, lakini bega lake la kulia, lile la kubeba maji miaka yote, likakataa kupanda. Akajaribu tena. Likakataa tena.

Nyuma yao ikasikika redio. Juu ya mchanga walikuwa wanakuja wale watatu, wanahema, wanabishana nani alisema kusini.

— Nipe, mama Bakri! aliita Bandari, akinyoosha mkono. Nipe nichanje, mimi niko tayari!

— Wewe ngoja, Kaltuma alimjibu. Hujajua bado kama ni jasho au chozi.

Na sonki akampa Tahani.

— Tawi hilo, linalotazama jua. Usilipige, hujagombana nalo. Weka ncha pembeni, inamisha, onja gome tu. Ukiona weupe wa mti, ujue umekwenda mbali. Marehemu alikuwa anasema, sikiliza: likisema "kip", simama.

Mara ya kwanza Tahani alikwenda mbali, akaona weupe, akaomba radhi kwa mti kwa sauti, na Fakii akageuka asicheke. Mara ya pili, tawi jingine, ncha iliingia, ikasema kip. Kaltuma akamwelekeza mkono, avute utepe wa gome, kipande kwenda juu na kipande kwenda chini, ukachanika laini kama uzi wa kitambaa. Chini yake palikuwa pabichi, pana rangi ya kijani inayoelekea njano. Hata redio ilikuwa imezimwa, na hakuna aliyejua imezimwa saa ngapi.

Omda alifika juu ya punda, na Sururi pembeni yake kwa miguu, madoa kifuani.

— Huo si mchanjo, Sururi alisema mara moja. Kachanja mwanamke. Tena wa Omdurmani!

Omda alishuka, mzee mwenye magoti mabaya, akainamisha uso kwenye tawi. Akapitisha kidole kwenye utepe. Akautazama na ule mchanjo wa kwanza, ule ulioharibika, akatikisa kichwa.

— Huu umefanywa na mtu anayejifunza, alisema. Huu wa pili umefanywa na mtu aliyejifunza. Desturi inasema kisu kiingie. Nani kati yenu alisikia desturi ikisema kishikwe na nani?

Aliwatazama wazee wa benchi, maana ndio waliojua kila kitu. Bandari alimtazama Fakii. Fakii alimtazama Redio.

— Sijasikia, alisema Redio, na nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kulitamka neno hilo.

— Shamba la mama Bakri, alisema omda. Sasa nipeni kahawa, nimekuja kwenye jua.

— Imekwisha, walijibu wote watatu.

Miti haikukauka. Baridi ilichelewa mwaka ule, na Kaltuma na mkazamwana wake waliporudi na vikapu, kila tawi lilikuwa limeshika matonge yake, mengine madogo kama jicho la njiwa, mengine makubwa kama ngumi ya mtoto, ya rangi ya asali iliyopitiwa na mwanga. Tahani alitia moja mdomoni. Haina ladha, alisema. Akatafuna kitambo. Halafu akasema, au inayo, lakini iko mbali.

Kaltuma aliishi misimu mingi baada ya hapo, Mungu amlaze pema. Alipoondoka, vitu vyake viligawanywa hivi. Bakri alirudi kutoka kwenye dhahabu na kifua kibovu. Akarithi punda, na kazi ya kubeba vikapu nyuma ya mkewe. Shamba alirithi Tahani, kwa neno la marehemu mbele ya omda, na Bakri mwenyewe akasema ni haki, maana yeye njia ya kwenda huko aliisahau. Fakii alirithi kikapu cha gundi kila msimu kwa wino wa vibao. Benchi waliachiwa Bandari na Sururi kwa pamoja, ambao walikuja kupatana, na wanaendelea kubishana kama ni jasho. Dele alilirithi Redio. Anapika kahawa mwenyewe siku hizi, na watu wanakunywa kwa ajili ya ujirani.

Na sonki aliirithi binti wa kwanza wa Tahani, Batuli. Anaitumia mpaka leo. Mpini wameukata, kwa kuwa ulikuwa mrefu mno kwa kimo chake, na yeye anadhani tangu zamani ulikuwa na urefu ule.